Maswali ya Wasomaji: Nani Ashuke Garini Ili Mji Upumue?

Barua nne za mwezi huu zimegota mahali pamoja, yaani magari, moshi, na nani anyimwe usukani. Nimeona nizijibu kwa pamoja badala ya kuzitawanya katika matoleo manne, nikianza na ya mwalimu, ambayo imeuliza waziwazi lile ambalo nyingine zimelizunguka.

SWALI LA KWANZA

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa Uraia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Klabu yetu ya midahalo ilijadili hoja isemayo kwamba, ili kupunguza moshi mijini, kuendesha gari kuruhusiwe kwa baadhi ya watu tu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akasema magari yabaki kwa madaktari, viongozi na wafanyabiashara wakubwa, kwa kuwa saa moja ya watu hao ina thamani kuliko saa moja ya mtu wa kawaida, na wengine wote wapande daladala. Msichana aliyemjibu, ambaye mama yake anauza maandazi stendi, alimwuliza jambo moja tu: "Na huo moshi wao anauvuta nani?" Ukumbi ulilipuka kwa makofi, nami nikashindwa kutoa ushindi. Je, kuna haki yoyote katika kuwazuia watu kuendesha kwa kufuata tabaka lao? Na ipo nchi iliyowahi kufanya hivyo?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwalimu. Ushindi ningempa binti wa mama maandazi, ingawa nisingekubali kijana azomewe, kwa sababu alichokisema kwa mdomo wake ndicho ambacho miji mingi imekitenda bila kukisema. Sheria za kupunguza moshi haziandiki kwamba watu wa tabaka fulani wasiendeshe. Huandika tarakimu ya mwisho ya namba ya gari, mwaka lilipotengenezwa, kiasi cha fedha kinachotakiwa, au jina la mwenye kibali. Na kila kimoja kati ya hivyo, ukikifuata hadi majumbani mwa watu, utakuta kimechagua mlango wa kubisha na mlango wa kuruka.

Kwetu jambo hili si geni. Wa rika langu wanaikumbuka miaka ile ya uhaba wa mafuta, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, ambapo Jumapili ikishatimia saa nane mchana gari la binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali. Shabaha ilikuwa kuokoa fedha za kigeni zilizokuwa zikiteketea kwa petroli, wala si moshi, lakini kisa chake kinafaa hapa. Baba yangu mdogo alikuwa na Peugeot 404 ya rangi ya maziwa, nami namwona hadi leo katika harusi moja nje ya mji, saa saba na nusu, amesimama mlangoni funguo mkononi, akiwahimiza wanawe waiache pilau ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inapakuliwa. Hakulalamikia katazo, alisema nchi haina mafuta, basi haina. Kilichomkera, na akakirudia njia nzima, ni jirani mmoja ambaye hakuwa daktari wala zimamoto lakini kibali hakikumkosa, akabaki harusini hadi magharibi. Katazo lililomfika kila mtu mzee yule alilimeza, ila kibali cha jirani kilimkwama kooni.

Mfano uliochunguzwa zaidi duniani ni wa jiji la Mexico. Novemba 1989 wakuu wa jiji hilo, ambalo limezungukwa na milima na moshi hutuama juu yake kama mvuke katika sufuria iliyofunikwa, walianzisha mpango uitwao Hoy No Circula, yaani leo halitembei: kila gari lipumzike siku moja ya kazi kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba yake. Ukiutazama juu juu, hakuna usawa unaozidi huo, kwa kuwa tarakimu haimjui tajiri wala maskini. Lakini mwenye nacho alinunua gari la pili lenye tarakimu nyingine, na mara nyingi likawa kuukuu, lenye kutoa moshi mwingi kuliko lile lililolazwa nyumbani. Mwanauchumi Lucas Davis, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2008, alilinganisha vipimo vya hewa vya kabla na baada ya mpango huo, na hakuona ushahidi kwamba hewa ilikuwa imesafika. Alichokiona ni idadi ya magari kupanda. Fikiria basi fundi seremala mwenye pikapu moja tu: alipoteza siku ya kazi kila wiki, na jiji halikupata pumzi yoyote kutokana na sadaka yake.

Baadaye wakaupa uzito umri wa gari. Magari mapya yalipewa alama ya kutembea kila siku, na mwaka 2014 yale yaliyozidi miaka 15 yakaongezewa Jumamosi zote juu ya siku yao ya wiki. Hapo tabaka lilikuwa limeingia kwa mlango wa mbele, maana umri wa gari ni kipato cha mwenye gari kilichoandikwa kwenye kadi yake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliona hivyohivyo, ikasema la msingi ni kile kinachotoka katika bomba la moshi, hivyo gari likipimwa likafaulu lisizuiwe kwa sababu ya uzee peke yake. Ni uamuzi ninaoukubali, japokuwa nakiri kwamba haukuja bila gharama: magari mengi yaliyokuwa yakipumzika yalirudi barabarani, na Machi 2016 jiji likatangaziwa hali ya hatari ya hewa ambayo halikuwa limeiona kwa zaidi ya miaka 10, kiasi kwamba kwa miezi kadhaa kila gari, hata lililotoka dukani jana yake, lilipewa siku ya kulala.

Nasi tusijifanye tuko mbali na hayo. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 imeyakataa yaliyozidi miaka 15, na Tanzania inayapokea ila kwa kuyatoza ushuru wa uchakavu, ambao haumsumbui anayeagiza gari jipya la dukani bali anayejikusanyia vijisenti vya IST yake ya kwanza. Sisemi ushuru huo ufutwe. Nasema tu kwamba tunapoutetea kwa jina la hewa safi tunapaswa kukumbuka kwamba bili yake huandikwa kwa kufuata umri wa gari, si kile kinachotoka katika bomba lake.

Zipo nchi zilizoamua kutozunguka. Singapore, tangu mwaka 1990, hununui gari kabla hujashinda mnada wa hati ya kulimiliki, ambayo hudumu miaka 10 tu, na Oktoba 2023 hati ya gari kubwa ilifika dola 150,000 za nchi hiyo, kabla hujagusa hata tairi. Shanghai nayo hunadi namba za magari. Beijing, mwaka 2011, ikachukua njia nyingine ikazipigia bahati nasibu, na huko mwenye duka la tambi na mwenye kiwanda walipanga foleni moja ya bahati. Ukiniuliza upi kati ya Beijing na Singapore ulitenda haki zaidi, nitasema Beijing, na ukiniuliza ningependa kuishi upi nikiwa sina gari, nitasema Singapore, kwa sababu treni na mabasi yake yanafika. Majibu hayo mawili hayafanani, na mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa nini hayafanani ndiye ningemwongezea alama.

Delhi ilipojaribu mpango wa magari ya namba shufwa na ya witiri kupishana siku barabarani, kwa siku 15 za kwanza za Januari 2016, ilitangaza pia orodha ya wasioguswa. Humo mlikuwa na Rais, Waziri Mkuu, majaji wa Mahakama ya Juu na mawaziri wa serikali kuu. Mlikuwa pia na wanawake wanaoendesha wenyewe, kwa sababu za usalama, na pikipiki zote, kwa sababu ni nyingi kuliko magari na mabasi yasingeweza kuwabeba wenye pikipiki hao. Kiongozi wa serikali ya Delhi mwenyewe, Arvind Kejriwal, hakujiingiza katika orodha hiyo, akawa anapanda gari moja na mawaziri wake. Naiona orodha hii kama kitabu cha kiada kwa klabu yako, mwalimu, kwani ndani yake misamaha ya aina mbili imelala kitanda kimoja: msamaha wa anayeonewa huruma kwa kuwa hana njia nyingine, na msamaha wa anayepishwa kwa sababu ya cheo.

Turudi sasa kwa binti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema vya watu milioni 4.2, wengi mno wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Simama katika kituo chochote kikubwa saa kumi na mbili jioni uwatazame wanaoivuta: mama maandazi aliyeko hapo tangu alfajiri, konda anayening'inia mlangoni akiita abiria, askari wa trafiki, mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kanga, usawa wa kichwa chake ukiwa karibu kabisa na bomba la lori lililosimama. Mwenye gari aliyefunga vioo anapita hapo kwa dakika chache, wao wanakaa hapo siku nzima. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kuacha mambo yalivyo ni kutochagua tabaka. Mgawanyo umekwishafanyika, ila umefanywa mapafuni mwa watu badala ya barabarani, na kwa kuwa hauna kibali wala faini hakuna anayeuita sheria.

Hoja ya kijana kuhusu thamani ya saa ina kipande cha ukweli, nacho ni daktari. Daktari anayekimbilia kumpasua mama mjamzito apite, na gari la wagonjwa lipite, hata ikiwa siku hiyo mji mzima umelala. Lakini anapita kwa ajili ya safari ile, si kwa ajili ya koti lake jeupe. Akienda sokoni Jumamosi kununua nyanya anakuwa mnunuzi wa nyanya kama mwingine. Ukishaukubali mstari huo, waziri anayekwenda ofisini anakuwa mtu anayekwenda ofisini, na shangingi lake linalomchukua mtu mmoja katika nafasi ambayo Coaster ingebebea watu karibu 30 linakuwa la kwanza kuulizwa, si la mwisho.

Na kuna njia ambayo hakuna mjumbe wa mdahalo wenu aliyeitaja, kwa jinsi ulivyoniandikia, nayo ni kusafisha mafuta yenyewe. Mwaka 2001, mjini Dakar, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuondoa madini ya risasi katika petroli, na kufikia Januari 2006 kazi hiyo ilikuwa imekamilika. Januari 2015 Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zikaanza kudai dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hakuna aliyeulizwa tabaka lake. Badiliko lilifanyika kwenye meli na matangi, likaingia katika daladala chakavu na katika Land Cruiser mpya kwa siku moja, na watoto wa stendi wakapunguziwa sumu bila mtu yeyote kushushwa garini. Kabla ya kumwuliza mwananchi kama anastahili kuendesha, serikali ijiulize kwanza kama imemaliza yale inayoweza kuyafanya pale bandarini.

SWALI LA PILI

Ndugu mhariri, nimeishi London miaka mingi, na kwa sasa nipo Croydon. Ninafanya usafi wa maofisi usiku, nikitoka nyumbani saa nne na kurejea alfajiri, saa ambazo basi la kuunganisha ni la kubahatisha. Gari langu ni la dizeli la mwaka 2012. Tangu ada ya hewa chafu, ile ULEZ, ilipopanuliwa Agosti 2023 hadi kwetu, zamu moja inaweza kunigharimu pauni 25, kwa sababu ada ni pauni 12.50 kwa siku na siku yao huanza usiku wa manane, nami huvuka usiku wa manane nikiwa kazini. Bosi wa jengo ninalolisafisha huja na gari jipya, halipi hata senti. Hii siyo sheria ya matabaka?

Mfanya usafi, Croydon

JIBU

Pole, ndugu yangu. Katika barua zote nne hii yako ndiyo niliyoisoma mara tatu, kwa sababu ya zile pauni 12.50 zinazogeuka 25 saa sita ya usiku. Mtunga sheria aliyeweka mpaka wa siku kwenye usiku wa manane alikuwa anafikiria watu wanaolala saa hizo.

Ila tusiihukumu ada hiyo kwa nusu moja. Kwanza, haikuwekwa kwa umri mtupu kama ule wa Mexico, bali kwa kiwango cha moshi: petroli inatakiwa kufikia kiwango cha Ulaya cha nne, ambacho magari mengi ya tangu 2006 yanacho, na dizeli kiwango cha sita, cha tangu Septemba 2015 hivi. Ndiyo maana petroli kuukuu ya jirani yako inaweza kupita bure huku dizeli yako iliyo changa kuliko hiyo inatozwa. Pili, kaya nyingi maskini za London hazina gari kabisa, na nyingi zinapanga nyumba kando ya barabara zenye msongamano. Mwaka 2020 mchunguzi wa vifo wa kusini mwa jiji hilo aliamua rasmi kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha mtoto wa miaka 9 wa Lewisham, aliyekuwa na pumu na kuishi karibu na barabara kuu. Mama wa mtoto yule na wewe mnaweza kuwa wa kipato kimoja. Anayeitetea ada hiyo anaweza naye kusema, bila kudanganya, kwamba anawatetea wanyonge.

Mahali ninapoungana nawe ni katika namna ilivyofikishwa kwenu. Tangu 2001 kodi ya magari ya Uingereza ilipangwa kwa kufuata hewa ya ukaa, na kwa hiyo ilimpendelea mnunuzi wa dizeli. Watu walisikia, wakanunua, na baada ya miaka ishirini wakaambiwa walichonunua ndicho kinachoua. Ulikuwepo mfuko uliolipa hadi pauni 2,000 kwa mwenye gari dogo aliyelipeleka kukatwa vyuma, na Agosti 2023 ukafunguliwa kwa kila mkazi, lakini sasa umefungwa, na pauni 2,000 hazikuwa zikinunua gari la kuaminika la zamu ya usiku.

Linganisha na Stockholm. Walipoijaribu ada yao ya kuingia mjini, kuanzia Januari hadi Julai 2006, mabasi ya nyongeza yalikuwa yamekwishaanza kutembea tangu Agosti 2005. Magari yanayovuka mipaka ya mji yakapungua kwa takribani asilimia 20, wakazi wakapiga kura Septemba hiyo wakaikubali, na mwaka 2007 ikawa ya kudumu. Basi lilitangulia, bili ikafuata. Kwenu, kwa mtu wa saa nne usiku, bili ilifika kabla ya basi.

Nitaongeza jambo moja ambalo nalipenda. Nchini Ufini faini za makosa makubwa ya mwendo kasi hupimwa kwa kipato cha mwenye kosa, utaratibu uliotokana na sheria ya mwaka 1921, na mwaka 2023 tajiri mmoja aliyezidisha mwendo alitozwa euro 121,000. Ikiwa serikali inaweza kukijua kipato cha mtu aliyekimbiza gari, inaweza pia kukijua cha mtu aliyelitoa gari lake kwenda kusafisha vyoo vya ofisi. Kwa sasa, dai lenye nafasi ya kusikilizwa ni dogo na la wazi: zamu moja ihesabiwe siku moja. Liandike kwa diwani wenu kwa sentensi hizohizo ulizoniandikia mimi, pamoja na ratiba ya basi lako la usiku.

SWALI LA TATU

Mzee, mimi ni kijana wa Mbagala, naendesha bajaji niliyoifunga mfumo wa gesi kwa mkopo. Nikisogea mjini kati nafukuzwa, mara nyingine nakamatwa. Juzi nikiwa nimezuiwa pembeni nilihesabu dakika arobaini, shangingi la dizeli limesimama mbele ya jengo, injini inaunguruma, dereva amelala na kiyoyozi kinapuliza, wanamsubiri bosi. Kati yangu na yeye nani anachafua?

Dereva wa bajaji, Mbagala

JIBU

Mwanangu, kwa zile dakika arobaini, yeye. Wewe ulikuwa umezima. Lakini nikujibu kwa uangalifu, maana sababu zinazotolewa bajaji na bodaboda zinapozuiwa kuingia katikati ya mji, kama ilivyofanyika Dar es Salaam kwa nyakati mbalimbali, huwa ni msongamano na usalama, si moshi. Hizo ni hoja zinazoweza kujadiliwa, na mtu aliyewahi kuvuka barabara ya Kariakoo hawezi kuzicheka. Unachopaswa kukikataa ni kuchanganyiwa: leo mwambiwe mnajaza barabara, kesho mnachafua mji, keshokutwa mnaharibu sura yake mbele ya wageni. Hiyo ya tatu ndiyo tabaka lenyewe limevaa suti, na haina kipimo cha kuipimia.

Kuhusu moshi hasa, ndugu zako wa Delhi walikwishapita njia hiyo. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mabasi, teksi na bajaji za jiji hilo zihamie kwenye gesi, na kufikia mwisho wa 2002 mabasi yote yalikuwa yamehama. Madereva wa bajaji walilala kwenye foleni za vituo vya gesi, jambo ambalo wewe uliyeamkia foleni ya gesi hapa Dar huhitaji kuelezwa. Hewa ilipata nafuu kwa muda. Kisha magari binafsi ya dizeli, ambayo amri ile haikuyagusa, yakaendelea kuongezeka mwaka hadi mwaka. Mzigo ulibebwa na aliyekuwa rahisi kuamrishwa, kwa sababu ana leseni ya biashara ya kunyang'anywa, na faida yake ikapunguzwa na asiyeamrishwa.

Kwa hiyo nikiwa mimi ndiye ninayepanga, kipimo kingekuwa kimoja kwa wote: kifaa cha kupimia moshi kwenye bomba, barabarani, kwa bajaji, kwa Coaster, kwa lori la mchanga na kwa gari lenye namba za serikali. Kuacha injini ikiunguruma gari likiwa limesimama kungekuwa kosa lenye faini, bila kujali anayesubiriwa ni nani. Na aliyefunga gesi kwa fedha yake angepewa stika ya kuingia mjini kwa saa fulani na kuegesha sehemu zilizochorwa, ili mkopo wake uwe na maana. Utaona kwamba sijasema uruhusiwe popote muda wowote. Barabara ni nyembamba, na basi la mwendokasi lenye abiria wengi waliosimama lina haki ya kukutangulia, wewe na bosi wa shangingi kwa pamoja.

SWALI LA NNE

Mhariri, mimi ni wa Rongai, nafanya kazi Nairobi. Desemba 3, 2018, matatu zilipokatazwa kuingia katikati ya jiji, nilishukia mbali nikatembea na maelfu ya watu hadi kazini, mbele yangu akiwa mama mzee na gunia la mboga kichwani. Magari ya binafsi yalikuwa yakitupita. Sasa nikisikia watu wakisema jiji liwe na siku bila magari, mwili unanisisimka. Niunge mkono au nikatae?

Msomaji, Rongai

JIBU

Unga mkono siku bila magari, ukishahakikisha ni magari ya nani. Ile amri ya 2018 iliwatoa barabarani wale wanaobeba watu wengi kwa gari moja na kuwaacha wale wanaobeba mmoja mmoja, hivyo hata kwa hesabu ya moshi tu, achilia mbali haki, ilikuwa imeshikwa kichwa chini. Haikudumu, kwa sababu jiji zima lilikuwa likitembea kwa miguu na kila mwenye kamera aliliona.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2019, ukaja mpango wa upande wa pili: Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, James Macharia, alitangaza kwamba Jumatano na Jumamosi magari ya binafsi yasiingie katikati ya Nairobi. Huo uliahirishwa kabla haujaanza. Linganisha mwenyewe: la kuwashusha abiria wa matatu lilitekelezwa asubuhi ile, la kuwashusha wenye magari halikuwahi kuiona Jumatano yake ya kwanza. Kigali, ambako tangu 2016 baadhi ya barabara hufungwa asubuhi za baadhi ya Jumapili za mwezi na watu wakakimbia na kuendesha baiskeli humo, imewezekana kwa kuwa ilianza siku ambayo haimnyimi mtu mshahara na kwa kuwa mwenye gari kubwa naye anaonekana pale akitokwa jasho.

Pendekezo hilo likirudi Nairobi na wakiitisha maoni ya wananchi, nenda na maswali mawili tu, ya hesabu: kutoka kituo cha mwisho kitakachoruhusiwa hadi katikati ya mji ni mita ngapi, na ni mabasi mangapi yatakayokuwa yakizunguka kati ya hapo na pale siku ya kwanza, saa moja asubuhi. Mwombe pia ofisa atakayekujibu ajibu akiwa amebeba gunia la mboga.